Maoni ya Mkazi wa Naif

Tovuti ya Kibaraza ilivaa sura mpya siku ya Ijumaa, na kufikia Jumapili maoni ya watumiaji yalikuwa yamefurika. Moja tu lilikuwa la sifa. Lilisema, "Mashaallah, aliyetengeneza hii ana akili na amelelewa vizuri," na Junaid alijua fika kwamba lilikuwa limetumwa kutoka jikoni, na mama yake.

"Kwa hivyo hayo mengine yote ni matusi?" aliuliza Mercyline.

"Si matusi. Ni kilio cha watu wasiotaka maendeleo."

Walikuwa wamekaa sebuleni kwa akina Junaid, katika jengo la zamani pale Naif, kiyoyozi kikikoroma dirishani kama mgonjwa. Mercyline alikuwa ametoka moja kwa moja katika hoteli ya Dubai Marina anakofanya kazi mapokezi, sare bado iko mwilini. Jumuiya inayoendesha Kibaraza ilikuwa imempa kazi ya kupokea maoni kwa sababu yeye kutwa huwapokea watu wenye hasira na kuwaambia asante. Junaid alipewa kazi ya kuitengeneza tovuti upya kwa sababu ndiye aliyeisomea kazi hiyo, na kwa sababu hakudai malipo, jambo ambalo wakubwa wa Jumuiya waliliita uzalendo.

Kibaraza kilikuwa cha kila anayezungumza Kiswahili Dubai: wachuuzi wa Naif, walinzi wa Marina, wafagizi wa Muhaisnah, Waislamu kwa Wakristo. Uzuri wake ulikuwa mmoja. Kila mtu aliupanga ukurasa wake wa mwanzo mwenyewe. Kulikuwa na visanduku vya Vyumba, Mizigo, Kazi, Viza, Mpira, Harusi, Tanzia. Ukipendacho ulikivuta juu, usichokipenda ulikisukuma chini. Kwa miaka watu walikuwa wamevipanga visanduku vyao kama mama apangavyo kabati la vyombo. Junaid, kwa kitufe kimoja, aliyamwaga makabati yote sakafuni na kuyapanga upya kwa namna moja, namna aliyoipenda yeye.

Mercyline aliyasoma maoni kwa sauti ya mapokezi, bila kucheka.

"Huyu ni mlinzi. Anasema, 'Nilikuwa na Viza juu na Mpira chini yake. Sasa nafungua naona picha ya mwanamke anacheka. Ni nani? Anacheka nini?'"

"Ni picha ya pambo."

"Huyu wa Muhaisnah anasema rangi hii inamuumiza macho, rudisheni kijani. Na huyu anasema, 'Nimetafuta Mizigo nikaletewa Harusi. Nimeoa tayari, inatosha.'"

Junaid alicheka mpaka akajilaza kwenye zulia. Mercyline alimngoja amalize, kisha akasema, "Sasa sikiza hili. Hajaweka jina. Ameandika tu Mkazi wa Naif."

Akasoma: "Assalaam alaykum. Kisanduku changu cha Tanzia kilikuwa juu kabisa. Nilikiweka pale mwenyewe. Kila nikiamka nakitazama kwanza, ndipo nanawa uso. Sasa mahali pake mmeniwekea hali ya hewa. Hali ya hewa ya Dubai naijua. Tafadhali nirudishieni kisanduku changu. Watu wangu ni wazee."

"Lahaula!" Junaid alijiinua. "Mtu anaamka anatafuta maiti kabla ya mswaki!"

"Mjibu polepole, Junaid. Huyu ni mzee wa watu."

"Mzee wa nani? Hata jina hajaandika."

"Ndiyo maana nakuambia polepole. Bila jina anaweza kuwa yeyote."

Kisanduku cha Tanzia hakikuwa kimefutwa. Junaid alikuwa mtundu lakini hakuwa mwendawazimu. Alikuwa amekificha tu chini kabisa, mahali palipoitwa Mengineyo, baada ya mapishi na vidokezo vya ngozi. Sababu yake hakuwahi kumweleza mtu. Wiki za majaribio aliipeleka kazi yake kwa madam mmoja wa kampuni ya usanifu, ghorofa ya juu sana huko Marina, ambako alitamani kuajiriwa kuliko alivyotamani kuoa. Madam aliutazama ukurasa, akanywa kahawa yake, akakiwekea kidole kisanduku cheusi cha juu na kuuliza ni cha nini. Angesema nini? Kwamba watu wake, kabla ya habari za dunia, hutaka kwanza kujua nani kafa?

"Hilo ni kosa, madam," alisema. "Linaondolewa."

Na kweli likaondolewa.

Sasa aliivuta kompyuta, akakaza uso kama kadhi anayetaka kutoa hukumu, akaandika jibu mbele ya watumiaji wote: "Ndugu Mkazi wa Naif, usijisumbue kukitafuta kifo. Kikiwa na haja nawe, kitakutafuta chenyewe. Wako mtiifu, Kibaraza."

"Futa," alisema Mercyline.

"Ni mzaha tu, bana."

"Futa, nakwambia. Wageni wa hoteli wananitukana kila siku na sijawahi kumwambia hata mmoja atakufa."

Hakufuta. Alilipiga picha jibu lile pamoja na ombi lenyewe akawatumia wenzake aliosoma nao bweni moja, nao wakalisambaza, na kabla ya magharibi lilikuwa limeingia katika kila simu yenye Kiswahili kuanzia Deira hadi Marina.

*

Jioni ile lilifika hata mezani kwao. Amne, mama yake Junaid, alilipata katika kundi la akina mama wa kasida, akalisoma kwa sauti huku akiwagawia wali.

"'Kitakutafuta chenyewe!' Jamani, huyu mzee wa watu kajibiwa!" Alicheka mpaka kijiko kikamtoka. "Baba Junaid, umelisikia hili?"

Jaafar alikuwa akiuchambua mwiba wa samaki. Alikuwa mtu wa mizigo, anayewakusanyia wafanyabiashara wa Mombasa bidhaa zao na kuzipakia katika makontena, na kwa kawaida alikuwa na neno la kusema juu ya kila kitu, hata juu ya samaki.

"Nimelisikia," alisema.

"Na?"

"Kajibiwa vizuri."

Junaid aliinamisha uso kwenye sahani kwa unyenyekevu wa mtu anayengoja kupongezwa. Baba yake alinyanyuka, akanawa, akaenda kulala mapema. Samaki alibaki sahanini, nusu.

*

Jumatano asubuhi Jaafar na Junaid walitoka pamoja. Siku mbili nzima Jaafar alikuwa bandarini Jebel Ali akisimamia upakiaji, simu mfukoni, kelele za mashine kila upande. Sasa alikuwa akienda dukani kwa rafiki yake Humam, na Junaid alimbebea bunda la mikanda ya kufungia maboksi. Mkononi mwa Jaafar mlikuwa na mfuko wa mahamri ya moto aliyoyakaanga Amne, maana Humam alikuwa hapokei mgeni wa mikono mitupu, au ndivyo alivyodai.

Humam alikuwa Mpemba, Jaafar mtu wa Mombasa, na tangu siku walipolala chumba kimoja hapo Naif wakiwa vijana walikuwa watani. Si utani wa kuchekeana. Ulikuwa utani wenye sheria zake, wa kutukanana hadharani bila mtu kuruhusiwa kununa. Kila walipokutana, Jaafar alimuuliza kwa nini hajafa, na Humam alimjibu, "Nife, nimwachie nani kazi ya kukuaibisha?" Wapita njia wageni walidhani wanagombana. Wiki iliyopita tu walikuwa wamegombana kweli, tena kwa sauti, juu ya maboksi ya nani yaingie kwanza kwenye kontena, na kwa hiyo leo Jaafar aliona ni wajibu wake kuanza na utani mkali kidogo, kuonyesha yamekwisha.

Mlango wa chuma wa duka ulikuwa umeteremshwa nusu.

"We Humam!" alipaza sauti, akiugonga kwa ngumi. "Bado hujafa tu? Toka nje! Kaburi limechoka kukusubiri!"

Akainama, akapita chini ya mlango, tabasamu limemjaa uso mzima. Junaid alimfuata.

Ndani wanaume walikuwa wamekaa juu ya maboksi, kofia kichwani, kimya. Mmoja alianza kucheka, akajizuia. Mzee aliyekuwa karibu na mlango alitikisa kichwa, akasema kwa upole, "Mtani kafika." Kwa Waswahili, mtani ana ruhusa ya kuchekesha hata msibani, yeye ndiye huiba sanda, huizuia njia ya jeneza, huwafanya wafiwa wacheke huku wakilia. Hivyo hakuna aliyekasirika. Walikuwa wakingoja aendelee.

Lakini Jaafar hakuendelea, kwa sababu hakujua ameanza nini.

Twaibu, mdogo wake Humam, alitoka nyuma ya duka. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Utani wa msibani ni haki yako, Jaafar," alisema. "Siukatai. Lakini ni haki ya aliyebeba jeneza. Jana tumekutafuta kwa macho. Imamu alitaka kuanza, nikamwambia subiri kidogo, Jaafar hawezi kukosa. Watu wamesimama juani wanakusubiri wewe. Ulikuwa wapi?"

"Jana?" alisema Jaafar. "Jana nani?"

Junaid alimwona baba yake akikisoma kile chumba polepole, kama mtu anayesoma maandishi madogo: kiti cha Humam kimegeuziwa ukutani, misahafu mezani, feni imezimwa. Tabasamu lilikuwa bado halijamtoka usoni. Lilikuwa limesahauliwa pale, halina kazi.

"Twaibu," alisema. "Wallahi sikujua."

"Hukujua?" Sauti ya Twaibu ilipanda. "Mji mzima umejua, kwa Kibaraza na kwa midomo! Wafagizi wa Muhaisnah wameshuka na basi la kampuni. Fanuel yule mlinzi, Mkristo wa watu, kaomba ruhusa kazini akaja kusimama nje ya ukuta wa makaburi. Moyo ulisimama alfajiri, tangazo likawekwa Kibaraza asubuhi ile ile, saa ya kuzika, mahali, gari linapotokea, kila kitu. Nikasema hata simu nisimpigie, Jaafar ndiye wa kwanza kuamka na Tanzia. Na Kibaraza chenyewe si cha nyumbani kwako? Mwenye nacho si huyu hapa?"

Akamnyooshea Junaid kidole. Junaid aliyatazama maboksi. Maboksi yalikuwa ya vyombo vya plastiki, na kwa muda aliyasoma maandishi yake kwa bidii kubwa.

"Au ni lile kontena?" Twaibu alishusha sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mtu anachukia kontena mpaka kwenye jeneza, Jaafar? Halafu unakuja leo kunigongea mlango, unasema kaburi limechoka kusubiri?"

Jaafar alinyoosha mkono wenye mfuko wa mahamri. Hakuna aliyeupokea. Mkono ulibaki hewani, ukashuka.

Walitoka. Nje, baba alisimamisha teksi, akamwambia dereva Qusais, makaburini, na Junaid alipotaka kuingia, alifunga mlango. Baadaye walikuja kujua kwamba alifika, akakuta safu ndefu za makaburi mapya yasiyo na majina, na kwa kuwa hakuwapo na hakuona aliyezikwa wapi, aliiombea dua safu nzima.

*

Mji wa Waswahili wa Dubai ni mkubwa kwa wakazi na mdogo kwa maneno. Alasiri watu walikuwa wameshaanza kuandika, na waliandika pale pale palipokuwa wazi, katika maoni juu ya sura mpya ya tovuti. Baina ya malalamiko ya rangi na mlinzi aliyeendelea kuuliza habari za yule mwanamke anayecheka, yaliingia mengine. "Kuna watu wanakwenda kucheka kwenye misiba." "Kuna watu wanagomea maziko kwa ajili ya maboksi." Hawakutaja jina. Hawakuhitaji.

Amne aliondoka katika kundi la kasida kabla ya kuondolewa. Alikaa jikoni na mtandio mdomoni.

"Lakini kwa nini hakuliona?" aliuliza, mara ya kumi. "Baba yako haamki bila kutazama hicho kisanduku. Mimi humtania, namwambia watazama kama jina lako limo?"

Junaid alianza kuzihesabu siku tangu Ijumaa kwa vidole. Alikuwa hajafika Jumanne wakati simu ilipolia.

"Junaid," alisema Mercyline. "Nilitaka kumrudishia yule mzee kisanduku chake. Yule Mkazi wa Naif. Nimeona aibu tangu Jumapili. Sasa nimefungua akaunti yake, hana jina kabisa, ni namba ya simu tu. Unaweza kumjua? Nataka nimpigie nimwombe msamaha kwa niaba yetu."

"Nisomee."

Alianza kumsomea. Hakufika mwisho. Ilikuwa namba ambayo Junaid alifundishwa kuikariri akiwa mtoto mdogo, asije akapotea sokoni.

"Unamjua?" aliuliza Mercyline.

"Usimpigie," alisema Junaid. Alitaka kuongeza neno la mzaha. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakulipata.

*

Siku ya hitima, asubuhi, Jaafar alikuwa akipiga pasi kanzu yake mwenyewe. Junaid alisimama mlangoni muda mrefu, kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Baba."

"Ingia ama utoke. Unaziba upepo wa kiyoyozi."

Aliingia. "Baba, yule Mkazi wa Naif..."

"Najua." Pasi ilikwenda, ikarudi. "Nani mwingine Dubai nzima huandika 'wako mtiifu'? Ndivyo ulivyokuwa ukimalizia barua zako za bweni kila ulipotaka viatu vipya."

"Sikujua kuwa ni wewe."

"Hilo pia najua. Ungejua ungeandika kwa adabu. Asiye baba yako ndiye wa kuandikiwa vile." Aliigeuza kanzu. "Nataka kuuliza neno moja tu. Kwa nini ulikitoa?"

Junaid alikuwa na majibu ya kitaalamu. Alikuwa nayo mengi, ameyaandika hata katika maelezo ya kazi. Lakini yote yalikuwa ya watu wengine, na huyu alikuwa baba yake, amevaa fulana na kikoi, anapiga pasi.

"Kuna madam mmoja alikiona. Akaniuliza ni cha nini."

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia ni kosa."

Jaafar aliiweka pasi chini. Hakukasirika, na Junaid alitamani sana angekasirika.

"Ulituonea haya," alisema baba yake, kwa sauti ya mtu anayethibitisha bei. Kisha akaichukua pasi tena. "Sikiza. Leo tunakwenda, na wewe hutasema neno. Mimi nitasema tangazo nililiona, nikalala nikapitiwa."

"Baba, watasema..."

"Watasema mzee mvivu, hajui thamani ya rafiki. Waseme. Mimi jina langu limeshatumika, nimeoa nalo, nimefanya biashara nalo, limebaki kidogo. Lako bado jipya. Wakijua ni wewe, hakuna atakayekupa binti yake wala kazi yake. Kwa hiyo utakaa kimya kama mtu mwenye adabu. Jaribu, labda utapenda."

*

Hitima ilisomwa katika ukumbi mdogo juu ya duka. Wanaume walijaa mikekani. Wanawake walikuwa upande wa pili wa pazia, pamoja na Bi Shifaa, mjane wa Humam, aliyekuwa katika eda. Jaafar alipoingia watu walimpa ncha za vidole, kama wanaopima kama chai ni ya moto. Hakuna aliyesogea kumpa nafasi. Alikaa penye viatu, na Junaid akakaa pembeni yake.

Dua ilipomalizika Jaafar alinyanyuka.

"Twaibu, ndugu zangu. Nimekuja kusema mbele ya watu. Tangazo nililiona. Nikajisemea nitalala kidogo, nikapitiwa. Sina udhuru. Nisameheni."

Mnong'ono ulipita mikekani. "Kalala!" alisema mtu. "Subhanallah, rafiki wa miaka yote ile." Twaibu alifumba macho, na uso wake ukafunga kabisa, kama duka. Alikuwa amejiandaa kusamehe jambo lolote isipokuwa usingizi.

Junaid aliuona uso ule ukifunga. Alijua haufunguki tena. Alijikuta amesimama.

"Hakuliona," alisema. "Anasema uongo. Baba anasema uongo."

"Kaa chini," alisema Jaafar.

"Kisanduku cha Tanzia nilikitoa mimi. Nilikificha. Baba alikitafuta akakikosa, akaandika maoni kuomba arudishiwe. Aliomba kwa adabu. Mimi ndiye niliyemjibu, na sikumrudishia."

"Ulimjibu nini?" aliuliza Twaibu.

Junaid alifungua mdomo. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa kufukuzwa, hata kwa kofi. Hakuwa amejiandaa kwa mtu mmoja wa katikati ya ukumbi, mwenye simu mkononi, aliyerukia pale pale.

"Ngojeni! Ndiye huyu! 'Kikiwa na haja nawe, kitakutafuta chenyewe!' Jamani, yule mzee wa kutafuta kifo kumbe ni Jaafar!"

Kicheko kilianza pembeni, kikashikwa, kikaponyoka. Wanaume waliziba midomo kwa kofia. Kila mmoja wao alikuwa amelipata jibu lile, amelicheka, amelituma mbele. Walikuwa wamemcheka mtu asiye na jina, na sasa jina limepatikana, nalo limesimama mbele yao katika kanzu iliyopigwa pasi.

Hapo ndipo Junaid alipoelewa ni kitu gani alichokuwa amekatazwa kukisema. Alikuwa amemvua baba yake aibu moja na kumvisha nyingine, yenye kumkaa vizuri zaidi.

Jaafar aliutazama mkeka. Hakumtazama mwanawe.

"Mnacheka nini?"

Ilikuwa sauti ya Bi Shifaa, nyuma ya pazia. Kofia zilirudi vichwani.

"Hilo jibu mume wangu alinisomea usiku ule wa mwisho. Alicheka mpaka akakohoa. Nikamuuliza, wamjua huyo mzee? Akaniambia, 'Mjinga wewe, huyu si Jaafar? Nani mwingine huamka kila siku akatazama kama nimekufa?' Alikuwa anangoja akutane naye amtanie."

Sauti ilikatika. Upande wa wanawake mtu alianza kulia, na Junaid alifahamu, bila kuona, kwamba alikuwa mama yake.

Twaibu alikuwa ameinama, mabega yanatikisika. Hakujulikana analia au anacheka mpaka alipoinua uso, na hata hapo haikujulikana.

"Humam kakujua," alimwambia Jaafar. "Kakujua kwa maneno tu, hata jina hukuweka."

"Ndiyo," alisema Jaafar.

Hakuna aliyesema lililobaki. Junaid alilisikia lote.

Twaibu alisogea, akapiga mkeka kwa kiganja, karibu yake. Jaafar alivuka magoti ya watu akaenda kukaa. Masinia yalikuwa yanaingia, na watu wenye njaa hawana hotuba. Junaid alikuwa bado amesimama. Alitazama kule alikokuwa amekaa akakuta mtu mwingine ameshachukua nafasi.

"Wewe mwenye Kibaraza," alisema yule mzee wa siku ile dukani, bila ukali. "Shika birika uwanawishe watu."

Alishika birika na beseni, taulo begani. Alianza mlangoni. Alipiga magoti mbele ya kila mmoja, akamimina, akangoja, akatoa taulo. Alimnawisha yule mwenye simu, aliyemnong'oneza, "Kijana, lakini ulichekesha," na Junaid akamwongezea maji. Alimnawisha Twaibu, aliyenawa haraka na kugeuza uso.

Kisha mikono iliyofuata ilikuwa ya baba yake, na kovu la mkanda wa maboksi juu ya kidole gumba. Junaid aliinamisha birika. Jaafar alinawa taratibu, kiganja, nyuma ya kiganja, baina ya vidole. Mikono ilitakata. Hakuiondoa. Aliiacha pale juu ya beseni, imefunguka, uso wake umeelekea kwingine, na Junaid, asiyejua afanye nini kingine, aliendelea kumimina mpaka birika likawa tupu.